Kiangazi Mwanza: bustani ina kiu kweli, au kuna kitu kingine? Soma dalili kabla hujabeba dumu

Masika ikianza kukatika, kwa huku Mwanza ni kama katikati ya Mei kwenda mwishoni, wengi tunafurahia tu tope limeisha na nguo zinakauka, bustani inakuja kukumbukwa Agosti ikiwa imeshageuka rangi ya gunia. Hapo sasa kila mtu ana dawa moja, maji, na ndo kipindi ambacho mgao umepamba moto na dumu linapandishwa mlimani kwa hela. Msimamo wangu ni huu: vitu vingi vinavyokufa kiangazi havifi kwa kiu, vinakufa kwa shida iliyokuwepo tangu Mei hamna aliyeiangalia, kiangazi kinakuja tu kumalizia.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya ikifika Oktoba, Novemba wanafunika mimea na kutoa maji yote kwenye mabomba ya nje yasigande yakapasua bomba. Sisi baridi la Juni na Julai ni la sweta usiku, haliui mchicha. Kinachoua huku ni ukavu. Julai ndo mwezi mkavu kuliko yote, unaweza ukapita hamna tone, jua linawaka, upepo unakausha na vumbi juu yake. Kwahiyo kazi ya maana inafanyika Mei mpaka Juni mwanzoni, udongo ukiwa bado una unyevu na jembe linaingia.

Kitu cha kwanza jua udongo wako, maana dawa ya jirani inaweza isikufae. Ukiwa vilimani, Isamilo, Igogo, Mabatini, Bugarika huko kwenye mawe, udongo ni mchanga uliotokana na hayo hayo mawe ya granaiti, Wasukuma wanauita luseni, unakunywa maji fasta na kuyapoteza fasta. Ukishuka mabondeni unakuta mbuga, ule mweusi wa kunata, masika unakuvua kandambili alafu kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kitu cha pili ni kidole, chomeka kidole chote ardhini pembeni ya mmea. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania maji yapo, weka keni chini tafuta sababu nyingine. Kikitoka kikavu kina vumbi, sawa, hiyo ni kiu.

Nyasi zimekauka kipande kimoja, kwingine kijani

Hii ni shida ya Mwanza kabisa. Una kiuwanja chako cha pasipalamu au ukoka, unamwagilia chote sawasawa, ila kuna sehemu labda ukubwa wa meza, kila mwaka inatangulia kuwa njano na umbo ni lile lile. Mmoja atakwambia ni mkojo wa mbwa, mwingine atakwambia mwaga urea, na urea kwenye udongo mkavu inaunguza hata zile zilizokuwa zinajikongoja.

Chukua kipande cha nondo na nyundo. Pigilia kwanza pale penye kijani, utaona inazama tu. Alafu njoo kwenye njano, itaingia sentimita kumi, kumi na tano hivi, alafu ngo! mkono unakufa ganzi. Jiwe. Sogea hatua moja piga tena, ngo, sogea tena mpaka ipite, weka alama kwa vijiti na ukimaliza utaona umechora lile umbo la njano kama lilivyo. Chini pale kuna mwamba umelala, udongo juu yake ni mchache, unajaa maji dakika mbili na kukauka mchana mmoja, na jiwe lenyewe likishapata moto wa jua linautunza mpaka usiku kwahiyo mizizi haipumziki.

Hapo hata ukiunganisha mpira na ziwa lenyewe haisaidii. Njia ni mbili. Moja, panga mawe kuzunguka hilo eneo (mawe hatujawahi kukosa), jaza udongo uliochanganywa na mboji mpaka upate kina cha sentimita 30 hivi, ufanye hivo mvua za mwisho zikiwa bado zipo ili udongo ukae. Mbili, kubali. Ng'oa nyasi, weka shubiri na vyungu na changarawe, mimi naona inapendeza kuliko nyasi za kulazimisha. Ile mijusi ya vichwa vya waridi na mwili wa bluu inayoota jua juu ya mawe iache, haina sumu, inakula wadudu kutwa nzima.

Nondo ikizama vizuri na bado kuna kipande cha njano, shika nyasi uvute. Zikinyanyuka kama mkeka bila mizizi, fukua kidogo, utakuta funza weupe wanene wamejikunja, wameshakula mizizi yote. Funga mbwa achia kuku siku kadhaa.

Mmea unanyauka mchana

Usiku una majibu. Ukinyauka saa nane mchana na kufika saa moja asubuhi umesimama wima, mara nyingi ni joto tu, majani yanapoteza maji kuliko mizizi inavyopandisha, mboga za majani mapana kama matembele na maboga ndo zao. Weka kivuli kidogo, wavu au hata matawi, endelea na maisha.

Ukiamka asubuhi na bado umelala, pima kidole. Kidole kikiwa kikavu, mwagilia. Kikiwa kibichi na mmea ni nyanya, bilinganya au pilipili, hapo ndo pa kuogopa. Kata shina karibu na ardhi, chukua glasi safi ya maji, ning'iniza kile kipande ule mkato ukiwa ndani ya maji na usitikise. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama wa maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria, hamna dawa ya kupuliza hapo hata muuza duka la pembejeo akuapie. Ng'oa na mizizi yake, usitupe kwenye shimo la mboji, na hapo usirudishe nyanya wala ndugu zake, na viazi mviringo ni ndugu pia, kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au vitunguu. Na maji ya kutoka tuta hilo yasitiririke kwenda tuta la chini, bakteria wanasafiri na maji na jembe, ndo maana kwenye nyumba za mteremkoni ugonjwa unashuka tuta kwa tuta.

Glasi ikibaki safi angalia mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu ambavyo havitoki ukivikwangua ni minyoo fundo, wanapenda sana udongo wa kichanga kwahiyo watu wa luseni mnahusika. (Vya kunde na maharage vinavyobanduka kirahisi ni vizuri, vile vinatengeneza naitrojeni, usije ukang'oa.) Samadi iliyoiva kwa wingi inasaidia, na kupanda marigodi (sio bangi), yale maua ya njano na chungwa yenye harufu kali, kwenye tuta hilo msimu mzima kabla ya kurudisha mboga.

Namwagilia kila siku na bado vinakauka

Unamwagilia kila jioni dakika tano, juu panalowa panapendeza, fukua sasa utaona maji yameishia urefu wa kidole na chini ni unga. Mizizi inafuata maji, ukiyaweka juu nayo inabaki juu, na juu ndo panapochomwa na jua. Siku ukisafiri au maji yakikatika kwa siku tatu imeisha hiyo.

Zoesha mapema. Kuanzia Mei punguza idadi ya siku na uongeze kiasi, mwagilia taratibu mpaka maji yafike chini, alafu ruka siku mbili au tatu kutegemea na udongo, luseni haiwezi kuvumilia kama mbuga. Asubuhi mapema ndo bora. Vitanda vya mboga kiangazi visiinuliwe kama vya masika, vizamishe kidogo chini ya usawa wa njia ili tone lisikimbie, ukifika Oktoba unavibadilisha. Kwa mpapai au mche wa matunda chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa mfuniko kwa sindano, kata kitako, ifukie mdomo chini karibu na mizizi, ndani weka kipande cha sponji tundu lisizibe, unajaza na kuondoka.

Na hayo maji tukumbuke yanatoka wapi. Mvua za mwisho za Mei ni zako bure ila gata limejaa majani ya mwembe na maji yanamwagikia ukutani. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linashusha karibu lita 2,000, hata ukitoa zinazorukia pembeni bado simtanki imekula vizuri. Safisha gata Aprili. Funika na wavu mbu wasizaliane.

Mbuga inapasuka

Nyufa zinakata mizizi na zinatoa unyevu wa chini kama dirisha lililoachwa wazi. Zikishafunguka umechelewa, unachoweza ni kuzijaza mchanganyiko wa samadi na mchanga na kufunika juu. Wahi kabla, mara tu mvua zikipungua tandaza matandazo mazito na usilime ukiwa bado unanata, utatengeneza mabonge ya kuchongea sanamu.

Matandazo yanaliwa na mchwa

Mchwa wanafuata kitu kikavu, na kiangazi kitu kikavu ni matandazo yako na baada ya hapo gome la mche wako. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Usifukie majani mabichi au samadi isiyoiva shimoni kwa mche, umewaandalia chakula mlangoni. Mche mdogo wenye maji ya kutosha wanausumbua kidogo kuliko uliodhoofika.

Pumba za mpunga mashineni ni rahisi kupata, ila upepo wa Julai unazipeleka kwa jirani, ziloweshe au changanya na majani. Magugu maji nayo ni mazuri sana, yako tele ufukweni tangu yaingie ziwani miaka ya themanini mwishoni, lakini kuna mambo. Yakaushe juani kwanza mpaka yawe makavu kabisa, yasiwe na maua yenye mbegu, na kikubwa usichukue karibu na midomo ya mito na mifereji inayobeba uchafu wa mjini kama Mirongo, maana yale magugu yanafyonza kila kitu kilichomo ikiwemo madini mazito, usiyaweke kwenye mchicha wa watoto. Vaa gambuti ukiingia kuyatoa, kichocho kwenye kingo za ziwa letu sio stori, konokono wake wanakaa hapo hapo kwenye magugu. Na kwa wale wenye viwanja vya ufukweni Luchelele na kwingine, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, usisogeze matuta mpaka ziwani eti kurahisisha kumwagilia.

Majani ya nyanya yanaungua

Geuza jani uangalie chini, ndo kila kitu. Ukiona vidoa vidogo vidogo vya njano juu, na chini kuna utando mwembamba na vitu vidogo vinatembea vya rangi nyekundu, ni utitiri. Wanapenda ukavu na vumbi, bustani ya kando ya barabara ya vumbi ndo inaanza. Watu wanakosea hapa wanapuliza dawa kali ya kila mdudu, inaua wale wanaokula utitiri na utitiri wenyewe unabaki, wiki mbili mbele ni mbaya zaidi. Osha chini ya majani kwa maji yenye presha asubuhi, rudia rudia, mwagia njia vumbi litulie, ikizidi ulizia dawa ya utitiri haswa.

Jani likiwa na mabaka kama karatasi ya nailoni, ukiliinua juani unaona ndani kuna kiwavi anatembea kati ya ngozi mbili za jani, hiyo ni kantangaze. Huyu alithibitika nchini mwaka 2014 na hajaondoka. Kusanya majani hayo na matunda yenye matundu, funga kwenye mfuko mweusi wa taka uache juani, usiyaache chini ya mche. Mabaki ya nyanya za masika yaondoe yote kabla ya kupanda za kiangazi, hapo ndo Mei inapohusika.

Mlimao umepata masizi, mpapai una pamba

Ni ukoo mmoja. Ule weusi ni ukungu tu unaota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu wafyonzaji, vidukari, inzi weupe, wadudu magamba. Kuosha weusi bila kuondoa wadudu ni kazi bure. Angalia kama sisimizi wanapanda shina, wao wanawalinda hao wadudu kwa ajili ya ule utamu, paka grisi juu ya kitambaa ulichozungushia shina (sio kwenye gome) na kata matawi yanayogusa ukuta wasipate daraja. Pamba nyeupe kwenye mpapai ni vidung'ata, maji ya sabuni kidogo ya kufulia kwa bomba la kupulizia jioni, lenga chini ya majani na kwenye vishina vya matunda, rudia kila wiki. Mpapai uliofunikwa mpaka kileleni kata uuchome.

Jani la mlimao likiwa njano tu bila wadudu angalia limeanzia wapi. Ya zamani ya chini yakitangulia ni njaa ya naitrojeni, weka samadi Mei. Machanga ya juu yakiwa njano na mishipa kijani ni upungufu wa chuma au zinki, na mara nyingi mizizi imekaa kwenye maji kwa muda mrefu, kwahiyo kumwagilia zaidi ndo kunaharibu.

Mwembe mkubwa, hamna maua

Mwembe unahitaji kukaa na kiu kidogo ndo utoe maua. Wewe unaumwagilia Juni pamoja na nyasi, unajisikia umeutendea wema, nao unakujibu kwa majani mapya mazuri laini na maembe unanunua sokoni. Mti uliokomaa usiupe maji wala mbolea kuanzia Mei mpaka vichanga vya matunda vionekane, hapo ndo uanze. Na usipogoe Juni, maua yanatoka kwenye ncha zilizokomaa, ukizikata umekata mavuno, kupogoa ni mara baada ya kuvuna.

Maua yakitoka alafu yakapata unga mweupe na kupukutika ni ubwiriunga, usiku wa baridi na mchana mkavu ndo unaupendelea. Salfa inasaidia kuuzuia kama utaanza kupuliza mapema maua yanapochomoza, asubuhi kabla jua halijawa kali maana ikikutana na joto inaunguza.

Mgomba unakauka majani

Majani ya chini kukauka kiangazi ni kawaida, yakate. Ila majani ya katikati yakiwa njano na kulegea, na kwenye mkungu ndizi zinaiva kabla hazijajaa, kata ndizi moja, ndani ikiwa na kutu na kwenye shina ukiona usaha wa njano, ni mnyauko wa migomba. Huu uliingia Kagera mwaka 2006 na machipukizi tunayapenda kuyaleta na meli kutoka Bukoba, uliza yametoka shamba gani. Panga lililokata mgomba huo lipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda badala ya panga, mara tu kichane cha mwisho kikitokeza, wadudu wanaobeba ugonjwa wanaingilia hapo.

Miche mipya imekufa yote

Ilipandwa lini? Kama ni Juni au Julai jibu limepatikana. Iache kwenye viriba chini ya kivuli, mashimo chimba Mei udongo ukiwa laini na uchanganye na samadi yakae, upande vuli. Ila mvua ya kwanza ya Septemba isikudanganye, inapiga mara moja kwa kelele na radi alafu inapotea wiki mbili tatu. Ikishanyesha chukua jembe, fukua. Unyevu ukiishia sentimita kumi rudi ndani, ukifika 30 toa miche kwenye kivuli.